Kuhara damu: si kila mara ni amiba

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi huona haya kulitaja hata mbele ya daktari, nalo ni choo chenye damu na kamasi. Haya ni katika imani, lakini Masahaba, wanaume kwa wanawake, walimuuliza Mtume (s.a.w.) mambo ya tohara na ya siri za mwili bila kuficha, na sisi tunafaidika na maswali yao mpaka leo.

Ukiwa Handeni au Korogwe, muulize mtu anayeharisha damu anaumwa nini. Atakujibu mara moja kuwa ni amiba. Asiyesema amiba atasema ni chango, na yupo atakayesema amelishwa kitu. Yule wa amiba huenda duka la dawa akanunua Flagyl ya siku tatu kwa kuwa hela ya siku saba haikutimia. Hupata nafuu, baada ya wiki mbili damu inarudi, naye ananunua tena. Yule aliyelishwa kitu safari yake ni ndefu zaidi, na waganga wa upande wetu hatuna haja ya kuwaeleza, sifa zao zinajulikana nchi nzima.

Sasa, mara nyingi ni kweli kwamba ni amiba, au vijidudu viitwavyo shigela. Shida ya maji Handeni ni ya miaka mingi. Pamoja na kuwepo mradi mkongwe wa HTM, unaochota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe, wako watu wengi waliokulia kwenye maji ya lambo, lambo lile lile wanalonywea ng'ombe. Kwa hiyo kuanza na dhana ya amiba si kosa. Kosa ni kubaki hapo hapo wakati mgonjwa ametibiwa amiba mara tano au sita na damu haikomi. Wapo wachache ambao tatizo lao si mdudu kabisa, bali ni maradhi ya utumbo mpana kuvimba na kufanya vidonda bila ya mdudu anayejulikana. Madaktari huyaita kolaitisi yenye vidonda, na ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilisema Waafrika hawapati maradhi haya. Lakini mwaka 1966 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Kampala waliandika juu ya wagonjwa wanne wa Kiafrika waliokuwa na kolaitisi ya namna hii. Wanne ni wachache, ila walitosha kuonyesha kuwa Mwafrika naye anaugua. Tangu hapo wagonjwa wamekuwa wakionekana katika hospitali kubwa za Afrika Mashariki, hasa zilizo na kipimo cha kamera. Kwa kiasi fulani, mahali pasipo na kamera ugonjwa huu haupo kwa sababu hakuna anayeuona.

Ili tuelewe kwa nini Flagyl haimsaidii mtu huyu, tuangalie kwanza kazi ya utumbo mpana. Ni bomba la urefu wa mita moja na nusu hivi, na ndani lina utando mwororo wa seli zinazojibadilisha kila baada ya siku chache. Utando huu hufyonza maji, zaidi ya lita moja kwa siku, na hutoa ute unaozuia mamilioni ya bakteria waliomo kwenye choo wasiguse nyama. Kazi hizo zinahitaji nguvu. Ajabu ya uumbaji wa Allah (s.w.) ni kwamba seli hizi hazitegemei sana sukari ya kwenye damu kama seli nyingine. Chakula chao kikuu ni asidi ya butiriki, inayotengenezwa na bakteria wale wale kutokana na makapi ya chakula tusiyoweza kuyasaga wenyewe, kama maganda ya nafaka, nyuzinyuzi za kunde na mboga za majani. Inakadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 70 ya nguvu ya seli hizo hutoka humo.

Kuichoma asidi hiyo ili itoe nguvu ni kazi ya vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi moja maalumu ya mwili: kipo cha mate kinachoanza kuvunja wanga mdomoni, kipo cha tumboni kinachovunja nyama, na ndani ya kila seli vipo maelfu. Wafananishe na mafundi wa karakana. Kila mmoja ana kifaa chake, na mmoja akikosekana kazi inasimama mezani kwake hata kama wenzake wote wapo.

Mwaka 1980 daktari mpasuaji na mtafiti W.E.W. Roediger alizichukua seli za utando wa wagonjwa wa kolaitisi akazipima. Aliona kwamba uwezo wao wa kuchoma asidi ya butiriki umepungua, na badala yake wanakimbilia sukari. Akauliza kama ugonjwa wenyewe hasa ni njaa ya utando: chakula kipo, lakini seli haziwezi kukila. Wataalamu wanajadili mpaka leo kipi kinatangulia, njaa au uvimbe, kwa maana tafiti za baadaye zilionyesha kwamba uvimbe nao hupunguza ile milango ya seli inayoingiza asidi hiyo ndani. Kwa maoni yangu mgonjwa hana haja ya kusubiri mjadala uishe. Linalomhusu ni kwamba utando wenye njaa hutoa ute haba, hufyonza maji vibaya, na hupitisha bakteria. Ndiyo maana choo kinakuwa majimaji.

Bakteria wakipenya, mwili hupeleka askari wake, yaani chembechembe nyeupe za damu. Askari hawa wanakuja na silaha, na silaha zao ni vimeng'enya. Kimoja kinaitwa mieloperoksidesi. Kazi yake ni kutengeneza ndani ya mwili kemikali ya jamii moja na ile iliyomo kwenye Jik ya kufulia nguo nyeupe. Kingine, elastesi, hukata nyuzi za protini kama mkasi. Seli za ukuta wa utumbo zenyewe nazo huzalisha kwa wingi mikasi ya aina nyingine, metaloproteinesi, ambayo kwa kawaida hutumika kidogo kidogo kukarabati nyama. Wakati huo huo vile vimeng'enya vya kuzima moto, vinavyopooza kemikali kali, huzidiwa. Vita vikiwa vya siku tatu hakuna tatizo, mdudu anakufa, mafundi wanarudi kazini. Katika kolaitisi vita haviishi. Askari wanaendelea kumwaga Jik na kukata nyuzi bila adui anayeonekana, na ukuta unachubuka, unatoa damu na usaha.

Hapa ndipo ilipo hatari ninayotaka msomaji aishike vizuri. Amiba naye ana vimeng'enya. Jina lake la kitaalamu, alilopewa na Schaudinn mwaka 1903, ni Entamoeba histolytica, na neno la pili maana yake ni mwenye kuyeyusha nyama. Hutoa vimeng'enya vyake mwenyewe vinavyokata ute na kuchimba ukuta wa utumbo. Kwa hiyo kidonda cha amiba na kidonda cha kolaitisi vinaweza kufanana sana kwa dalili: damu, kamasi, tumbo kusokota, kwenda chooni mara kwa mara na kubaki na hisia kuwa choo hakijaisha. Kimoja kimechimbwa na vimeng'enya vya adui, kingine na vimeng'enya vya askari wetu. Na tiba zake zinapingana. Kwa amiba tunaua mdudu. Kwa kolaitisi tunawatuliza askari, mara nyingi kwa dawa kama prednisoloni. Mpe mgonjwa wa amiba prednisoloni kwa kubahatisha na umewafunga mikono askari wakati adui yumo ndani. Utumbo unaweza kutoboka, na watu wamekufa kwa njia hiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa kifua kikuu cha utumbo, na kwa minyoo fulani inayosambaa mwili mzima kinga ikishushwa.

Nalitilia mkazo kwa sababu prednisoloni imekuwa dawa ya mtaani. Inanunuliwa na watu wa pumu, wa ngozi kuwasha, hata wanaotaka kunenepa. Mtu anayeharisha damu asiimeze mpaka awe amepimwa.

Upimaji una masharti yake. Amiba aliye hai huonekana akitembea chini ya hadubini, lakini choo cha majimaji kinatakiwa kiangaliwe ndani ya nusu saa. Ukikiweka kwenye kopo Handeni mjini na kukisafirisha hadi Korogwe, kilomita 65, kikifika amiba wameshakufa na jibu litakuwa kwamba hakuna kitu. Nenda mwenyewe maabara ukatolee choo pale pale. Si mara moja tu, kwani kipimo kimoja kinaweza kukosa, vizuri iwe mara tatu kwa siku tofauti. Usimeze Flagyl kabla ya kupima. Na kwa upande wa pili, kuna kosa la maabara linalojulikana: chembechembe nyeupe za damu zikionekana kwa wingi huweza kudhaniwa kuwa ni amiba, na mgonjwa wa kolaitisi anazo tele. Muulize mpimaji kwa adabu kama amemwona akitembea na kama ameona chembe nyekundu za damu ndani yake.

Tena aliyekutwa na amiba kweli amalize dozi yote, na amuulize daktari kuhusu dawa ya pili, kwa sababu Flagyl huua wale walioingia kwenye nyama lakini mayai yanayobaki ndani ya utumbo huhitaji dawa nyingine. Wengi wanaosema amiba yangu ni sugu walikosa hiyo ya pili.

Ikiwa vipimo havionyeshi kitu, au dozi kamili imeisha na damu inaendelea kupita wiki nne, hapo usinunue tena chochote dukani. Pima Ukimwi, pima kifua kikuu. Kama umewahi kuishi kanda ya Ziwa na kuoga ziwani, mweleze daktari ili kichocho cha tumbo kitafutwe. Kisha omba rufaa. Kutoka Magunga pale Korogwe au hospitali ya Handeni njia ya kawaida ni Bombo, na kipimo cha kamera ya utumbo, kinachoambatana na kukata kipande kidogo cha nyama, kinapatikana KCMC Moshi na Muhimbili. Kipimo hicho kina aibu yake, hatukatai. Lakini kuonyesha uchi kwa ajili ya tiba ya lazima wanachuoni wameruhusu, kwa kiasi cha haja, na mwanamke anaweza kuomba mwanamke mwenzake awepo.

Tuje kwenye dawa. Ile kongwe ya kolaitisi ni salfasalazini, iliyotokana na kazi ya daktari mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, aliyetoa taarifa yake mwaka 1942. Alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Kwa miaka 35 iliponya watu bila kujulikana sehemu gani yake inafanya kazi, kwani ni dawa mbili zilizofungwa pamoja. Aliyefungua fundo hilo ni Muislamu kutoka Bangladesh, A.K. Azad Khan, akiwa Oxford na wenzake Piris na Truelove. Mwaka 1977 walionyesha kwamba nusu moja ndiyo inayotibu utando, na nusu ya pili ni kama punda wa kuibeba tu. Aliyefunga mzigo alikuwa mwanadamu, lakini anayeufungua ni bakteria wa utumbo mpana: wana kimeng'enya kinachokata kifundo kile kile, mahali pale pale palipo na kidonda.

Dawa hii inatumika hadi sasa, ila kwa watu wetu ina jambo la kuangalia. Katika ukanda wa malaria, Tanga ikiwemo, wako watu wengi kiasi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Wanaume ndio huathirika zaidi. Mtu wa namna hii hana dalili yoyote mpaka ale dawa fulani, na salfasalazini ni mojawapo, ndipo damu inapovunjika. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa kwa dawa hii ni kawaida. Mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, macho kuwa ya njano na pumzi kukata si kawaida, acha dawa uende hospitali siku hiyo hiyo. Kijana anayetarajia mtoto naye ajue kuwa dawa hii hupunguza mbegu za uzazi kwa muda, na hurudi akibadilishiwa. Asije akamwacha mkewe bure.

Jingine ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kimoja cha uvimbe, lakini kimeng'enya hicho pia hutengeneza kinga ya utando wa tumbo na utumbo. Kwa mwenye kolaitisi zinaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Akiumwa kichwa au mgongo atumie Panadol kwa kipimo chake.

Truelove huyo huyo, pamoja na Witts, mwaka 1955 waliwapima wagonjwa 210 kuonyesha kwamba kotizoni huokoa maisha, na vigezo vyao vya kutambua hali mbaya vinatumika mpaka leo. Mgonjwa wa kolaitisi akienda choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, na juu ya hayo ana homa inayozidi nyuzi 37.8, au mapigo ya moyo yanazidi 90 kwa dakika, au damu imepungua, hiyo ni dharura ya kulazwa. Tumbo likijaa na kuwa gumu, msisubiri asubuhi. Ama mtoto mdogo anayeharisha damu, hata mara mbili, apelekwe zahanati leo huku akinyweshwa ORS.

Upande wa chakula, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Uganda, alichapisha na wenzake Walker na Painter mwaka 1972 kwamba wanakijiji wa Afrika wanaokula makapi mengi wanapata choo kingi zaidi kinachopita haraka zaidi kuliko watu wa Ulaya, na akafungamanisha hilo na uchache wa maradhi ya utumbo mpana. Ugali wa dona, kunde, mbaazi, choroko na mchicha ndiyo malighafi ya ile asidi ya butiriki. Sembe iliyokobolewa mara mbili na chipsi haviachi kitu cha maana kwa bakteria. Hata kiporo kina heshima yake: wanga uliopoa sehemu yake haisagiki kirahisi na hufika kwenye utumbo mpana. Ila mahindi ya dona yawe makavu yasiyo na ukungu, tukikumbuka watu waliokufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na wakati vidonda vimewaka, mgonjwa apunguze maganda na mbegu ngumu, ale uji laini na viazi mpaka atulie. Chakula hakitibu kolaitisi peke yake. Asali nayo imetajwa katika Sunna kwa tumbo, wala hatuikatai, lakini isiwe kisingizio cha kutokwenda hospitali.

Usafi unazuia amiba, hauzuii kolaitisi, lakini mwenye kolaitisi akipata amiba juu yake ameongezewa moto. Chemsha maji mpaka yatokote, maana mayai ya amiba huhimili dawa ya klorini kwa kipimo cha kawaida. Hii inahusu na maji ya kombe, ambayo watu hunywa kwa nia ya baraka yakiwa yamechotwa lambo moja kwa moja. Inahusu birika la msikiti ambalo kila mtu huingiza mkono na kisha kusukutua: wekeni bomba au kopo lenye mkono. Na istinja ikishamalizika mkono uoshwe kwa sabuni, si kwa maji tu.

Limebaki suala la ibada, na wagonjwa huliumia kimya kimya. Kijana anaacha jamaa kwa hofu ya kuchafuka safuni, watu wanamsema amelegea dini. Asiyeweza kuzuia choo hukumu yake iko karibu na ya mwanamke mwenye istihadha: ajisafishe, ajifunge vizuri, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali pale pale bila kuchelewa, na kinachomtoka katikati hakimdhuru. Akiwa na nafasi ya kutulia inayotosha udhu na sala, asalie katika nafasi hiyo. Kwa kila faradhi udhu wake, kama ilivyo katika madhehebu ya Imam Shafii. Kuhusu Ramadhani, ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na mwenye vidonda vinavyotoa damu asijilazimishe. Anayetarajia kupona atalipa, na asiyetarajia atalisha masikini. Wakati ugonjwa umelala wengi wanaweza kufunga, lakini aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama ili dozi zipangwe kati ya futari na daku. Dawa ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, ambayo wagonjwa wengi wa kolaitisi hupewa, hufunguza kwa Shafii, hivyo iwekwe usiku, na usiku ndio wakati wake hasa hata kitabibu, kwa kuwa mgonjwa akilala dawa inakaa.